Pleti Mbili Nilizozinyoosha

Nianze na aibu yenyewe, maana najua mtaiulizia tu. Ndiyo, ni mimi. Mimi Ndahani, mhudumu wa thieta, kidato cha pili sikumaliza, ndiye niliyechukua pleti mbili ambazo daktari bingwa alizikunja siku mbili ili zifuate taya la mgonjwa, nikazinyoosha zikawa kama rula. Nilipomaliza nikazipeleka dirishani kwenye mwanga, nikafumba jicho moja kama fundi seremala, nikajipongeza. Hiyo ya kujipongeza huwa siwaambii watu. Sasa nimestaafu, hakuna wa kuniandikia barua.

Nyie vijana mliobaki pale hospitali mmesema niandike mambo ya kazi. Habari za kupandishwa daraja nimeziacha, zingeisha kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Nitaandika ninayoyajua, yaani kuosha vyombo, kufunga vyombo, kuvipika kwenye mashine ya mvuke, na kukaa kimya wakati wakubwa wanagombana. Hilo la mwisho ndilo lilinichukua miaka mingi kulijua.

Siku yangu ya kwanza thieta nilikuta mzee amelazwa kitandani, kashonwa mdomo vizuri, kafunikwa shuka la kijani. Mimi mtoto wa Kigogo niliyelelewa, nikamwinamia. "Shikamoo, babu." Kimya. Nikaongeza sauti. "Shikamoo, babu!" Kimya. Nikajisemea huyu mzee ana dharau, au kaona viatu vyangu. Nikajaribu ya tatu. Nyuma yangu nikasikia sauti ya mama: "Ndahani, huyo kapigwa nusu kaputi. Ataitikia saa nane."

Huyo alikuwa Sista Modesta, nesi wa vyombo, na ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mfupi, mkali, na alihesabu gozi, vile vitambaa vya kufyonzea damu, kama watu wanavyohesabu mbuzi jioni, kwa kuzigusa moja moja. Alinifundisha kwamba koleo linaoshwa likiwa wazi, siyo limefungwa, kwa sababu damu inajificha kwenye kiungo. Kwamba mkasi wa kukatia waya hauazimwi mtu wa kukata kitu kingine chochote, hata akiwa mkuu wa hospitali, hata akiwa anakata kucha. Na alikuwa na amri moja aliyoirudia kila asubuhi: chombo kikirudi kimepinda, nyoosha, kikikataa kunyooka, weka pembeni niandike. Niliishika amri hiyo kama katekisimu. Naomba mkumbuke hilo kabla hamjanihukumu.

Zama zile taya likivunjika tulikuwa tunafunga waya. Daktari anafunga waya kwenye meno ya juu, anafunga kwenye ya chini, halafu anayaunganisha mdomo ukiwa umefumbwa. Wiki sita. Mgonjwa anakula kwa mrija: uji, maziwa, mchuzi uliochujwa, uji tena. Kitandani kwake tulikuwa tunabandika mkasi wa waya kwa plasta ukutani, ili akitapika mtu yeyote aliye karibu akate haraka asije akapaliwa. Mimi niliukagua ule mkasi kila zamu. Fanyeni hivyo na nyie. Ni kazi ndogo, lakini siku ikihitajika hamtakuwa na muda wa kuutafuta.

Kule wodini ndiko nilikojifunza kwamba binadamu hafungwi mdomo. Mama mmoja alikuwa na pengo la jino, akawa anapitisha ugali humo, kipande kwa kipande, kama mtu anayetia barua kwenye sanduku la posta. Mzee mmoja kutoka Chemba, wale wenye lugha ya kualika ulimi, aliendelea kupiga soga na mkewe meno yakiwa yamefungwa, wanaelewana na kucheka, wakati Wagogo wenzangu kwenye vitanda vya jirani wananguruma tu kama trekta. Nilimwonea wivu yule mzee.

Halafu zikaja pleti. Pleti ni kipande cha madini ya titani, chembamba, kina matundu manne au sita, ukikiona unaweza kudhani ni kipande cha mkanda wa saa. Kinakaa juu ya mfupa uliovunjika, kinakazwa na skrubu ndogo kuliko punje ya uwele. Uzuri wake, mgonjwa anaamka mdomo ukiwa huru. Anaongea. Anakula vitu laini. Sisi wa wodini tulifurahi, ingawa wengine baada ya kuwasikia wanaongea tulitamani waya zirudi.

Skrubu ya kwanza niliyoiangusha niliitafuta kwa sumaku. Nilizunguka sakafuni kwa magoti nusu saa, nimeshika sumaku, nasukuma ndoo huku na huku, mpaka daktari akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia. Akasema, "Titani haishikwi na sumaku, mzee." Nikasimama na heshima yangu iliyobaki, nikachukua tochi. Tumieni tochi, muilaze karibu na sakafu, skrubu itatoa kivuli.

Pleti zikaleta vita. Tulikuwa na mabingwa wawili wa taya. Dokta Shayo, mwanaume mrefu, mtaratibu, alikuwa mtu wa pleti mbili: moja juu karibu na meno, moja chini kwenye ukingo wa taya. Dokta Salome, mdogo kwake kwa umri lakini si kwa maneno, alikuwa mtu wa pleti moja, hasa taya likivunjika pale kwenye kona, chini ya sikio.

"Pleti moja ni mlango wenye bawaba moja," Dokta Shayo alikuwa anasema. "Utafunguka leo, kesho utaning'inia."

"Ukitafuna, kona ya taya inaachana juu na inabanana yenyewe chini," Dokta Salome anajibu. "Sasa ya chini unaifunga ya nini? Unapasua nyama zaidi, unakaribisha usaha, halafu unaita uimara."

"Tutaona kwa wagonjwa."

"Tutaona."

Waliona miaka na miaka. Mgonjwa wa Shayo akipona, Shayo anapita na picha yake kwenye korido kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Wa Salome akipona, Salome naye anapita. Akipata usaha mgonjwa wa mmoja wao, ghafla tatizo ni mgonjwa hapigi mswaki. Kulikuwa na kikao kila mwezi cha kulinganisha, na chai, na maandazi. Nilivyoona mimi, maandazi ndiyo yalikuwa imara pande zote. Sisi wahudumu tulishaambiana: kwenye kidevu, ambako taya linajikunja, wote wawili wanaweka mbili. Kwenye kona, muulize kwanza leo ni zamu ya nani.

Ndipo akaja Masaka.

Masaka alikuwa mnadi wa mnada wa ng'ombe kule Haneti. Anasimama katikati ya vumbi, anataja sifa za mnyama, anapandisha bei, watu wanacheka, mnyama anauzwa. Siku hiyo alikuwa amemshika dume kwa kamba na anatangaza kwamba dume hili ni pole, halijawahi kumgusa mtu, hata mama mkwe anaweza kulifunga. Akainama kuwaonyesha watu kwato. Dume likatoa maoni yake. Taya likavunjika kwenye kona, upande wa kushoto.

Alipofika kwetu meno hayakutani, shavu limejaa kama kafichia embe. Alikuwa na daftari la shule, anaandika kwa herufi kubwa. Nilimpelekea uji, akanionyesha ukurasa: KAMA NI WAYA WIKI 6 MIMI SITAKI.

"Kwa nini, kaka?"

Akafungua ukurasa mwingine. Alikuwa amekwisha kuuandika, inaonekana alishaulizwa na wengi. JAMAA WA KELEMA KALETA SPIKA YA BETRI. KASHASIMAMA MAHALI PANGU MNADA ULIOPITA.

Nikamwambia usijali, kuna pleti. Akaandika: NITAPIGA KELELE TENA? Nikasema utapiga. Mimi, ambaye kazi yangu ni ndoo na sabuni, nikamuahidi mtu taya.

Mgonjwa akawa wa Dokta Shayo. Kwa hiyo mbili. Na Shayo safari hii alitaka kumaliza ubishi. Akachukua picha za kichwa cha Masaka, mashine ikamchapia taya la plastiki sawasawa na la Masaka, na siku mbili mchana, akimaliza kliniki, alikaa nalo anakunja pleti taratibu, anapima, anakunja tena. Nyie mnajua kwa nini. Pleti inatakiwa ilale kwenye mfupa kama soksi kwenye mguu. Isipolala, ukikaza skrubu, mfupa ndio unaifuata pleti, na meno hayakutani tena maisha yote.

Mimi siku hizo mbili sikuwepo. Nilikuwa msibani Chamwino kwa shemeji. Nikarudi siku ya tatu, nakuta kwenye kibakuli cha chuma pleti mbili zimepinda hivi, zimejikunja hivi, kama mijusi iliyokanyagwa. Hakuna aliyeniambia kitu, nami sikumuuliza mtu, na hiyo ndiyo dhambi yenyewe, maana kuuliza kungenichukua muda wa kumeza mate. Nilijua tu ni wale wanafunzi, huwa wanachukua vyombo wanafanyia mazoezi. Nikalaani wanafunzi. Nikachukua koleo mbili. Nikanyoosha, pindo moja baada ya jingine, kwa upole, ya kwanza, ya pili. Dirishani, jicho moja. Safi. Nikafunga, nikaandika tarehe, nikaingiza kwenye mashine ya mvuke.

Kesho yake asubuhi Masaka akalazwa mezani. Wakamfunga meno kwa waya kwanza, za muda, ili yakutane, halafu Dokta Shayo akapasua kwa ndani ya mdomo mpaka mfupa ukaonekana. Akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Lete zile pleti zangu."

Nesi wa vyombo siku hiyo alikuwa Rehema, ana miezi miwili kazini. Akafungua kibakuli. Akaweka moja kwenye mkono wa daktari.

Dokta akaitazama. Akaigeuza. "Hii siyo yangu."

"Ndiyo hiyo, Dokta. Imetoka kwenye kibakuli chako."

"Lete ya pili." Akaitazama na ya pili. Akanyanyua macho juu ya barakoa, akamtazama Rehema, na Rehema nikaona mabega yanashuka. "Nani amegusa hizi?"

Nilikuwa nyuma, nimeshika ndoo. Nitawaambia ukweli: kuna muda mfupi niliiangalia ile ndoo nikaona naweza kutoka nayo tu, hakuna anayemuuliza mtu mwenye ndoo anakwenda wapi. Lakini Rehema alikuwa ameanza kulia, na nesi aliyevaa glavu safi hawezi kujifuta machozi.

"Ni mimi, Dokta," nikasema. "Zilikuwa zimepinda."

"Zilikuwa zimepinda."

"Ndiyo."

"Nilizipinda mimi, Ndahani."

Nimeshawahi kumwagikiwa maji ya moto, nimeshawahi kukosa uenyekiti wa kitongoji kwa kura zote. Hakuna kilichofikia pale. Jamaa wa nusu kaputi akasema kwa upole, "Mgonjwa yuko vizuri, Dokta, ila hatujahamia hapa."

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasema, "Naweza kuzirudisha. Nakumbuka kila pindo."

"Usiguse!"

Mnajua kwa nini, lakini wengine wataisoma hii: chuma kile ukikunja mara moja kinavumilia. Ukikikunja, ukakinyoosha, ukakikunja tena, unakitengenezea mahali pa kukatikia, kama unavyokata waya bila koleo. Zile pleti mbili zilikuwa zimekufa, na mimi niliyeziua nilikuwa nimeziogesha na kuzivalisha sanda ya kijani.

Wakafungua boksi la akiba. Za urefu ule ilibaki moja. Nyingine fupi, nyingine za watoto. Maombi ya pleti mpya yalikuwa yameshaandikwa, yameshasainiwa, na yameshapotea. Kwa hiyo palikuwa na njia mbili. Kumwachia Masaka zile waya mdomoni wiki sita, na Haneti akabaki jamaa wa Kelema na spika yake. Au pleti moja.

Dokta Shayo aliangalia dari. Nilidhani anaomba. Halafu akasema, kama mtu anayeng'olewa jino, "Muite Salome."

Nilikimbia na gambuti nyeupe kwenye korido. Dokta Salome alikuwa kliniki anaangalia picha.

"Shikamoo, mzee Ndahani. Mbona unahema?"

"Marahaba. Dokta Shayo anakuita thieta. Anataka pleti moja kwenye kona."

"Rudia."

"Moja, Dokta."

Aliweka ile picha chini, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Alinawa mikono kwa raha kama mtu anayekwenda kula pilau. Lakini alipoingia na kuona zile rula mbili na uso wa Shayo, hakucheka. Namheshimu mpaka leo kwa hilo. Alichukua kipimo, kile kibati laini, akakibonyeza juu ya mfupa kwa kidole kikachukua umbo, akaikunja pleti kwa kukifuata. Akapima. Akakunja kidogo. Akapima. Shayo ndiye aliyeshika nyama zisirudi, bingwa mzima kageuka msaidizi, na kila dakika anauliza, "Una uhakika ya chini haihitajiki?" na kila dakika anajibiwa, "Shika vizuri."

Skrubu nne. Wakakata zile waya za muda. Dokta Salome akafungua taya la Masaka, akalifunga. Meno yakakutana kwa mlio mdogo, tak. Akafungua tena. Tak. Mimi sikujua nimeanza kulia saa ngapi, kumbe na mimi sikuwa najifuta.

Yaliyofuata mnayajua, yamewekwa ukutani pale. Kikao. Barua ya onyo kwangu, halali kabisa, na iliandikwa vizuri. Na fomu mpya ya vifaa vilivyopindwa kwa makusudi, saini nne, ambayo mpaka nastaafu nilikuwa sijaiona imejazwa yote. Dokta Salome akamtaja Masaka kwenye kikao cha kulinganisha kama ushahidi wa pleti moja. Dokta Shayo akasema mgonjwa mmoja hathibitishi kitu, na tena Wagogo wana mataya magumu. Akaniangalia mimi kama mfano. Nikachukua andazi.

Masaka alirudi kliniki, taya likapona, meno yakakaa. Aliambiwa, nilikuwepo nimeshika sinia, "Mpango wa awali ulibadilishwa kulingana na hali." Akasema ahsanteni sana madaktari. Sasa ile hali ilikuwa imesimama pale na sinia, na haikusema kitu. Niliacha zikapita wiki, ikapita miezi, nikastaafu, wakanipa keki na blanketi. Nikawa nalala na hiyo hali.

Mwishowe nikamwambia rafiki yangu Kihwele. Kihwele ni dobi wa pale hospitali, Mhehe, kwa hiyo mtani wangu, na ana ruhusa ya kuniambia lolote. Alisikiliza akikunja mashuka.

"Mtani," akasema, "Mgogo ukiona kitu kimeinama unadhani kinaomba msaada."

"Nataka kwenda kumwambia."

"Akikupiga?"

"Atakuwa na haki."

"Basi nakupeleka. Hilo sitaki kusimuliwa."

Tulikwenda siku ya mnada kwa pikipiki yake. Haneti vumbi limesimama, ng'ombe wanalia, moshi wa nyama choma. Jamaa wa Kelema alikuwepo na spika yake, pembeni, anauza sabuni ya mche. Katikati alikuwa Masaka, hana spika. Nilimsubiri amalize dume moja jeusi, nikamsogelea, nikamwambia yote kama nilivyowaandikia hapa. Nikamwambia na ya dirishani.

 Akashika kona ya taya lake, kushoto, akalisugua. Halafu akanishika mkono, akanivuta mpaka katikati ya uwanja, akapaza sauti.

"Wananchi! Sogeeni! Nina mzee hapa! Mzee mpole, halijawahi kumgusa mtu! Kazi yake kunyoosha! Ukiwa na fimbo imepinda, mpe! Una pembe ya ng'ombe imepinda, mpe! Alinyoosha vyuma vya taya langu nikiwa nimelala, nisijue! Nani anaanza?"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mama mmoja akasema atatoa jogoo. Masaka akauliza jogoo mzima au mgonjwa. Mwingine akasema atanichukua kama nimeambatana na pikipiki. Alininadi, jamani, muda mrefu kuliko dume jeusi, akanigeuza, akawaonyesha meno yangu, akawaonyesha miguu, na hakuna aliyefikisha bei. Mwishoni akaniambia kwa sauti ya kawaida, "Umeshindikana, mzee. Nenda nyumbani," akanipa mkono, akausindikiza na wa pili, akarudi kwa ng'ombe wake.

Kihwele hakusema neno njia nzima. Mhehe, njia nzima, na alikuwa na mali yote ile ya kunicheka nayo. Nikajua anaipanga. Tulipofika Msalato akasimamisha pikipiki, akavua helmeti, akapangusa vumbi usoni.

"Mtani," akasema, "watu wote pale walikuwa wanakutazama wewe. Mimi nilikuwa nalitazama lile taya. Halikulegea hata mara moja."